Kabati la kioo si nyumba ya buibui



Jumapili iliyopita simu yangu iliita nikiwa mezani. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma sekondari huko kwetu Buhigwe. Akaniamkia, nikaitikia, tukaulizana hali. Akasema mvua zimeanza, maharage yamechipua, bibi yake bado anaumwa magoti. Kisha akashusha sauti kama mtu anayetaka kukopa.

"Mjomba, nimepata buibui mwingine. Mkubwa, wa manyoya, kama yule wa mwaka jana. Nakuomba jambo moja tu. Safari hii usilete kitu chochote."

Nilicheka, lakini chakula kilinishinda. Maana yule wa mwaka jana nilimwua mimi. Sikumkanyaga wala sikumpulizia dawa. Nilimwua kwa kumnunulia nyumba nzuri. Kwa ruhusa yenu, leo nataka kuzungumzia nyumba ya mnyama huyo, kwa kuwa najua wapo vijana wengine, mijini na vijijini, wenye kiumbe ndani ya kopo na swali kama la mpwa wangu, na wapo wajomba kama mimi.

Najua pia wapo waliokwisha kunyoosha mkono wazime redio. Ngojeni kidogo. Sisemi buibui lile vazi la akina mama wa Pwani, wala yule mdogo wa pembe ya dari ambaye Waislamu wengi hawamwui kwa heshima ya utando wa pangoni. Namsema yule ambaye akinyoosha miguu anajaza kiganja cha mtu mzima. Wazungu wanamwita tarantula. Jina lenyewe ni la kuazima: limetokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia, ambako watu wa zamani waliamini kuwa aliyeumwa na buibui wa huko hupona kwa kucheza ngoma mpaka aishiwe nguvu. Buibui wa Taranto alikuwa wa ukoo mwingine kabisa, lakini jina likasafiri, wakabandikwa hawa wakubwa wenye manyoya popote walipoonekana. Kusini mwa Afrika walimwita buibui-nyani, kwa kuwa ncha za miguu yake zinafanana na vidole vya nyani. Hilo naona linamfaa zaidi.

Kwa wasiofika kwetu, Buhigwe ni wilaya ya milimani mkoani Kigoma, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na ng'ambo ya mpaka ni Burundi. Ni nchi ya migomba, kahawa na maharage, na udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu wakati wa masika. Baridi yake ya Juni na Julai huwafanya wageni kutoka Dar es Salaam walale na makoti.

Julai ya mwaka jana vijana walikuwa wanachimba udongo wa kufyatua matofali. Jembe likakata ukingo, likafichua tundu la upana wa vidole gumba viwili, ndani limetandikwa hariri nyeupe kama soksi. Mwenye nyumba alikuwamo. Wenzake wakanyanyua majembe. Mpwa wangu akamfunika kwa kopo tupu la rangi, akakimbia naye nyumbani. Jioni ile ile akanipigia simu: "Mjomba, nimfugie ndani ya nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ambayo kijana yule amewahi kuniuliza. Mimi sikumrudishia hata swali moja. Nilikuwa najiandaa kwenda likizo, nikajiona mjomba wa maana. Nilipofika Kigoma mjini nikaenda kwa fundi wa vioo na alumini, mmoja wa wale wanaotengeneza makabati ya kuuzia chipsi na maandazi. Nikamwagiza kabati la kioo pande zote, kimo chake karibu mkono mzima, juu aweke wavu wa chuma ili hewa ipite.

"La samaki?" akauliza.

"La buibui," nikamjibu.

Akanitazama, akaongeza bei.

Kabati lile lilipanda gari, likapita Mwandiga, likapanda milima ya Manyovu likiwa mapajani mwangu kama mtoto mchanga. Nilibeba pia mfuko wa mchanga safi wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Tulipofika nikautandaza mchanga, unene wa vidole vitatu, nikachomeka tawi kavu kwa urembo, nikaliweka kabati dirishani sebuleni ili mgeni akiingia tu alione. Majirani wakaja na watoto wao. Mimi nilikuwa naeleza kama mwongoza watalii.

Usiku wa kwanza buibui alizunguka kuta za kioo mpaka alfajiri. Nikasema anakagua nyumba mpya. Usiku wa pili vivyo hivyo. Alikuwa anakwangua mchanga pembeni, mchanga unaporomoka, anakwangua tena. Usiku wa tatu akapanda mpaka kwenye wavu. Asubuhi tukamkuta chini, tumbo limepasuka, na kule juu, kwenye jicho moja la wavu, kimebaki kipande cha mguu.

Bibi yake, ambaye tangu mwanzo alitaka kidudu kile kitupwe chooni, alisema "Maskini" na kwenda zake jikoni. Mpwa wangu hakulia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwa adabu zote: "Mjomba, mimi niliomba nyumba. Wewe uliniletea kabati."

Jioni akapita baba yangu mdogo, mzee wa mizinga. Watu wa Kibondo, Kasulu na Buhigwe wanawajua nyuki, na mzinga wa gogo uliotundikwa mtini kwetu haumshangazi mtu. Mzee alisikiliza habari yote, akalizunguka kabati, akaligonga kwa kidole. Halafu akamwuliza mtoto, siyo mimi:

"Ulimkuta anakaa wapi?"

"Shimoni, babu."

"Kina chake?"

Mtoto akaonyesha mkono wake, kupita kiwiko.

"Mlikuwa na mwanga?"

"Giza tupu."

"Udongo ulishikana au ulimomonyoka?"

"Ulishikana, babu. Hata jembe lilipokata, tundu halikuanguka."

Mzee akanigeukia. "Wewe ukampa mchanga, mwanga na ghorofa." Akaeleza kuwa yeye kabla ya kutundika mzinga huangalia kivuli, huangalia maji yako umbali gani, huangalia njia za siafu na upande upepo unakotoka. Akikosea, nyuki hawaingii, au huingia na kuhama. "Nyuki akikataa nyumba anahama," akasema. "Huyu wako angehamia wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi mjini nikaanza kusoma na kuwauliza wanaojua, na kila nilichokipata kilirudi kwenye yale maswali ya mzee.

Tuanze na kilichomwua. Mwili wa buibui huyu una sehemu mbili. Ile ya mbele, penye miguu, ina gamba gumu kiasi. Ile ya nyuma, yaani tumbo, ni mfuko laini wenye moyo, mapafu na majimaji ya mwili. Hana mfupa ndani wa kumkinga. Akianguka kutoka kimo ambacho kwako wewe ni kidogo, mfano wa kutoka mezani, tumbo hilo linaweza kupasuka, naye huvuja mpaka afe. Kwa hiyo kwa buibui wa ardhini, nafasi kati ya udongo na mfuniko haitakiwi kuzidi sana mara moja na nusu ya urefu wake akinyoosha miguu. Kama anajaza kiganja, basi nafasi hiyo iwe shubiri moja, isizidi. Kioo chenyewe hakina ubaya. Kabati langu lingejazwa udongo mpaka karibu na juu, pengine yule mnyama angekuwa hai hadi leo.

Wavu nao. Ncha za miguu yake zina kucha ndogo sana, ndizo zinazomwezesha kupanda. Kucha hizo hunasa kwenye wavu wa chuma. Hapo hubaki ananing'inia, avunjike mguu au aanguke, na wangu alifanya yote mawili. Mfuniko mgumu wenye matundu madogo unatosha, na matundu mengine yatobolewe ubavuni ili hewa ipite isitulie. Tundu liwe dogo kuliko kichwa chake, maana sehemu hiyo ngumu ikipita, na tumbo laini litajaribu kufuata.

Kina cha udongo ndicho hasa nyumba. Mtu mwenye buibui mchimbaji ampimie udongo kabla ya kupima kioo: sentimeta 15 kwa mtu mzima wa kawaida ni mwanzo, na 20 au 30 ni bora. Uwe udongo unaoshikana ukishindiliwa. Mchanga mtupu haufai, maana kila akichimba unamfukia. Mavumbi ya mbao na maranda ya fundi seremala hayafai pia, hasa ya miti yenye utomvu mkali. Huko Ulaya wafugaji wengi hununua makumbi ya nazi yaliyosagwa, yamebanwa kama tofali na kusafirishwa kwa meli, wakati sisi Tanga na Mafia tunayachoma au tunayaacha yaoze. Siko hapa kutangaza biashara, ila nilipoona bei yake nilikaa kitako.

Upana hauhitaji mbwembwe. Urefu wa chombo ukiwa mara tatu ya buibui akinyoosha miguu, unatosha. Mnyama huyu hatembei kutafuta chakula. Hukaa mlangoni mwa tundu akisikiliza kwa miguu. Ana macho manane lakini hayamfaidii sana, hivyo mtikisiko ndio habari yake yote. Ukimpa uwanja mkubwa, panzi atajificha upande mmoja na yeye atalala njaa upande wa pili. Kwa kitoto cha buibui, ambacho ni kidogo kama ukucha, chombo kikubwa ni jangwa. Kikae kwenye kikopo kidogo, kihamishwe kadiri kinavyokua. Na kila mmoja akae peke yake, kwani kwa jumla hawa hawana undugu: ukiwaweka wawili, asubuhi utahesabu mmoja aliyeshiba.

Jua ni adui. Kioo dirishani saa nne asubuhi kinageuka tanuri. Nilidhani namtia joto kwa sababu ya baridi ya milimani, kumbe shimoni joto halipandi wala kushuka ghafla kama hapa juu, na ndiyo maana alichimba. Udongo wa kutosha humpa nafasi ya kuchagua mwenyewe: akiona baridi au joto anashuka au anapanda. Mimi nilikuwa nimemnyima hata hilo.

Hata hivyo, msichukue vipimo hivi mkavibandika kwa kila buibui. Hapo ndipo swali la mzee linapokuwa na maana. Afrika Magharibi wapo wa ukoo huu huu wanaoishi kwenye mianya ya miti. Huyo ukimpa ndoo ya udongo umemkosea, anataka chombo kirefu chenye gome la kusimama. Wapo wa misitu yenye unyevu, ambao udongo ukikauka wanadhoofika. Wapo wa nyika kavu, ambao udongo ukilowa daima wanapata ukungu na kufa. Katika savana za Kenya na Tanzania yupo mmoja mkubwa, mwekundu wa kutu, anayeitwa kitaalamu Pelinobius muticus, aliyeandikwa na wanasayansi tangu mwaka 1885. Miguu yake ya nyuma ni minene kwa ajili ya kuchimba, na jike lake huishi miaka mingi karibu yote ikipita chini ya ardhi. Wanaomfuga Ulaya husema kwa utani kuwa walilipa fedha nyingi kununua tundu.

Msidhani haya ni ya buibui peke yake. Mnawakumbuka vyura wa Kihansi? Vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, waliokuwa hawapatikani popote duniani ila kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Bwawa la umeme lilipojengwa maji ya maporomoko yakapungua, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 wakachukuliwa kupelekwa Marekani, kwenye mabustani ya wanyama. Miaka ya mwanzo wengi walikufa, wakabaki wachache mno, mpaka watunzaji walipojifunza kuwajengea ndani ya vioo ile Kihansi yenyewe: manyunyu, unyevu, mwanga wa aina yake, vidudu vidogo wanavyokula. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini wametoweka. Mwaka 2010 baadhi ya wale waliozaliwa vizimbani wakarudishwa nchini na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Kwa miaka kadhaa basi, aina nzima ya mnyama iliishi au kufa kwa jinsi watu walivyojibu swali la nyumba. Mpwa wangu alikuwa na buibui mmoja tu, lakini swali ni hilo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua kabla. Huko Ulaya na Marekani buibui wetu wana soko. Yupo mmoja aitwaye Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo mwaka 1897, ambaye anaenea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na ya Kusini. Ana rangi mbalimbali, na wauzaji huzitofautisha kwa majina ya kwetu. Wa rangi ya chungwa wanamwita Usambara. Yupo wanayemwita Mombasa. Na yupo wanayemwita Kigoma. Nilipoliona jina hilo katika orodha ya bidhaa nilihisi kama mtu aliyekuta picha ya nyumba yao kwenye ukuta wa mgeni. Wengi wa hao sasa huzalishwa huko huko vizimbani, lakini mbegu ilitoka kwenye mashimo ya huku.

Tunajua biashara ya wanyama hai ilivyotuchafua. Hatujasahau twiga waliopandishwa ndege pale KIA mwaka 2010. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na ilipotangazwa mwaka 2022 ruhusa ya muda kwa wafanyabiashara kumaliza wanyama waliobaki nao, ruhusa hiyo ikasitishwa karibu wakati ule ule. Twiga anaonekana, shingo yake haifichiki. Buibui hukaa mfukoni. Kwa hiyo nawaambia wazazi wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo: akija mtu kijijini akiwapa watoto noti kwa kila buibui wa shimoni, mjue hatafuti somo la bayolojia. Jike huchukua miaka kukua mpaka azae, na shimo likichimbwa haliwi na mwenyewe tena msimu ujao.

Ndiyo sababu, mpwa wangu alipopiga simu Jumapili, jambo la kwanza nililomwuliza ni kwa nini hakumwacha alikokuwa. Akasema hapakuwa na alikokuwa. Walikuwa wanachimba msingi wa vyumba vya jirani, na shimo lote limekwenda na udongo. Nikamwuliza kama alimkuta shimoni au akitembea, maana mvua zinapoanza madume yaliyokomaa hutoka na kuzurura kutafuta majike. Dume la namna hiyo limebakiza miezi tu ya kuishi, na kulifungia ni kulinyima kazi yake ya mwisho. Akasema shimoni, na ni mnene. Basi huenda ni jike, na jike akitunzwa huweza kupita miaka kumi. Nikamwambia hilo pia alifikirie: akimaliza shule, akienda chuo, nani atampa maji?

Nikamwuliza habari ya ruhusa. Kushika na kufuga wanyamapori nchini kuna taratibu zake, chini ya sheria ya mwaka 2009, na mtu asijifanyie tu. Akasema amekwisha kwenda kwa afisa wanyamapori pamoja na mwalimu wake wa bayolojia, na makubaliano ni kwamba mnyama atatunzwa kwa muda, kisha mvua zikipungua na ujenzi ukiisha atarudishwa kwenye mteremko ule ule, nyuma ya kichuguu, mahali ambapo hapatalimwa. Watamchimbia mwanzo wa tundu kwa kijiti, lililobaki atalimaliza mwenyewe. Nilikaa kimya. Kijana alikuwa amefikiri mbele kuliko mimi na likizo yangu yote.

"Na nyumba ya sasa?" nikauliza.

Akaanza kunieleza, nami nikawa naandika. Amechukua ndoo ya plastiki ya lita 20, ile ya rangi, akaiosha mara nyingi mpaka harufu ikaisha, akaianika siku tatu. Udongo ameutoa pale pale kwenye msingi, mita chache kutoka tundu lilipokuwa, akauchanganya na kidogo wa kichuguu ili ushikane, akaushindilia tabaka kwa tabaka kama anayejenga ukuta, mpaka ndoo ikajaa na kubaki shubiri moja. Pembeni akatoboa njia ya mshazari kwa mpini wa jembe. Mfuniko ameutoboa kwa msumari wa moto, na ubavuni vilevile. Maji ameweka kwenye kizibo cha soda, na upande mmoja tu wa udongo huunyunyizia kidogo, upande wa pili ukae mkavu. Chakula ni panzi mmoja kwa juma, au nyenje, waliokamatwa shambani kusikopigwa dawa. Mende wa nyumbani hampi, kwa kuwa bibi hupuliza dawa ya wadudu, na mende aliyekula dawa akiliwa huua aliyemla. Kwa sababu hiyo hiyo ndoo haikai chumba kinachopulizwa. Panzi asipoliwa hadi kesho yake anatolewa, hasa buibui akiwa anajiandaa kujivua gamba. Wakati huo hulala chali kama aliyekufa, mwili wote laini, na panzi mwenye njaa anaweza kumtafuna yeye.

Kuna kitoto katika nyumba ile, mdogo wake wa miaka minne, ambaye mikono yake hufika kila mahali. Nililisema hilo kwa ukali kidogo. Wenzao wa Amerika hujihami kwa kurusha manyoya ya tumboni yanayowasha macho. Wa Afrika hawana manyoya hayo. Hujihami kwa meno, na wana mbio ambazo jicho halizioni. Hakuna taarifa ya kuaminika ya mtu aliyekufa kwa kuumwa nao, lakini maumivu yake ni makali, na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Hashikwi mkononi basi, hata na mwenye kumpenda. Kwanza, kumshika hakumfurahishi yeye. Na akishtuka akaruka kutoka kiganjani, tumekwisha kuona anguko linamfanya nini. Ndoo ikifunguliwa kwa ajili ya maji, ifunguliwe sakafuni, mlango umefungwa, na kopo liko tayari pembeni.

"Mfuniko nimeufunga kwa mpira wa baiskeli, mjomba. Mimi mwenyewe kuufungua nahangaika."

"Na yeye mwenyewe yuko vipi?"

"Simwoni," akasema. "Siku ya kwanza alitembea kidogo, akaona lile tundu, akaingia. Usiku nikamulika, naona vibonge vya udongo vinatolewa nje, kimoja kimoja, vimefungwa hariri. Asubuhi mlango umezibwa. Leo siku ya nne simwoni. Wenzangu wakija wanauliza buibui yuko wapi, nawaonyesha ndoo ya udongo, wanaondoka."

Nikamwuliza kama hiyo haimsikitishi.

"Kidogo," akasema. "Lakini juzi usiku nilipomwekea panzi, utandabui wa mlangoni ulitikisika, nikaona ncha za miguu miwili. Halafu panzi hakuwapo."

Nilimwuliza tena, kwa sauti ya chini, kama kweli hahitaji kitu chochote kutoka mjini. Akafikiri. Akasema kama nitapita duka la vifaa vya shule, nimletee rula ndefu ya sentimeta, kwa sababu anataka kupima kina cha mashimo mengine mteremkoni bila kuyabomoa, kwa kutumbukiza bua. Mwalimu amemwambia aandike.

Na lile kabati langu? Dada yangu amelichukua, ameondoa wavu akaweka bati, na sasa liko sokoni Manyovu. Anauzia maandazi. Ananiambia linafaa sana.